Visigino vya Mama Tania

Ukitaka kujua kama watu wawili wameishi pamoja kweli kweli, usiwaangalie mezani, usiwaangalie kanisani. Waangalie siku ya kupanda mahindi. Shemasi Godefroid Mulumba hutangulia na jembe: anapiga, anainua, anasonga. Mkewe Fidélie anafuata nyuma pekupeku na mbegu kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni: anaangusha tatu shimoni, anafunika kwa kisigino, anakandamiza, anasonga. Miaka thelathini na moja, shamba lile lile nyuma ya mgodi wa Mutoshi, na miaka yote hiyo Godefroid hakuwahi kugeuka kutazama kama mbegu zimeingia. Ageukie nini? Fidélie yupo.

Basi kishikeni hicho kisigino, maana ndicho kilicholeta balaa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kesho yake Meza ya Bwana. Katika kanisa lao la Wamennonite mtu hali mkate kabla ya kuoshana miguu: wanawake upande wao, wanaume upande wao, wawili wawili, huyu anainama mbele ya yule na beseni na taulo. Na safari hii kulikuwa na mgeni. Binti yao Tania, mwalimu huko mjini Dilala, alikuwa amepata mchumba, karani mmoja mpole aitwaye Dimitri, na mama yake Dimitri, Mama Simone, Mmennonite kama wao ila wa mjini, alikuwa ametuma neno: "Nitakuja kula Meza kwenu. Nataka nioshane miguu na mama ya Tania mbele ya kuitana bakwe."

Fidélie alifurahi kama msichana. Mchana ule alikaa nyuma ya nyumba na ndoo ya maji moto, jiwe la kusugulia na mafuta ya mawese, akajisugua visigino huku anaimba. Visigino vyenyewe, jamani, vilikuwa na nyufa za kuingiza punje ya mahindi, na ndani ya nyufa udongo mwekundu ambao sabuni ilishaukatia tamaa zamani.

Godefroid alisimama mlangoni akamtazama. Badala ya kuona mke wake, akaona gari la watu wa mjini, akaona viatu vya Mama Simone, akaona mama huyo akipokea miguu ile mikononi na kukunja uso. Akasema. Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

"Mama Tania."

"Abee."

"Kesho... bageni ni batu ba mu ville, unajua."

"Najua. Njo maana nasugua."

"Ile miguu yako." Akakohoa. "Hata ukisugua mpaka kesho, haitakuwa muzuri. Si ungebaki ku jikoni, uangalie manyungu ya chakula? Mama mwingine atamuosha yule mama. Juu ya Tania, unaelewa? Basije bakasema mutoto anatoka mu batu ba pori."

Wimbo ukakatika. Fidélie aliinua macho akamtazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimtazama namna mtu anavyoitazama nyumba yake mwenyewe akiona mlango umewekwa upande mwingine. Kisha akaliweka jiwe ndani ya ndoo taratibu.

"Sawa, Tata Tania," akasema. Akamwaga maji.

Godefroid aliona haya papo hapo, nisimsingizie. Lakini haya yake ilikuwa ya kimya, na haya ya kimya haimsaidii mtu.

Jumapili kanisa lilijaa. Godefroid, taulo kiunoni, alikuwa akipeleka mabeseni upande wa akina mama. Mama Simone aliketi benchi la mbele, mwanamke mnene mwenye macho ya upole, viatu amevivua na kuvipanga vizuri chini ya benchi. Mama mmoja alipomsogelea na beseni, akainua mkono.

"Aksanti mama, lakini mi namungojea Mama Fidélie. Eko wapi?"

Kanisa zima likamgeukia shemasi. Tania naye, pale kwenye kwaya, akamgeukia baba yake. Godefroid akalikaza taulo kiunoni. Yeye ndiye aliyefundisha vijana wa kanisa kwamba Mmennonite haapi, kwa sababu ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana.

"Anagonjwa," akasema. "Eko na homa."

"Woo, maskini!" Mama Simone akasimama pekupeku vile vile, akachukua beseni kwa mikono yake mwenyewe. "Basi nitamufuata kule eko. Mugonjwa njo anaoshwa wa kwanza."

"Mama, hapana, usijisumbue..."

Alikuwa akizungumza na mgongo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kama umbali wa kanisa na jiko lake, hatua ishirini za uwanja. Godefroid akamkimbilia huku taulo linamponyoka kiunoni.

Fidélie alikuwa amechuchumaa mbele ya nyungu ya sombe, majani ya muhogo, anapepea moto kwa kifuniko, jasho linamtiririka, mzima kama siku aliyozaliwa.

"Mama Fidélie," Mama Simone akasema, "banasema uko na homa?"

Fidélie akamtazama mgeni, kisha juu ya bega la mgeni akamtazama mumewe. Godefroid alimwomba kwa macho. Nawaambia ukweli, mume mzima, shemasi, alimwomba mkewe kwa macho amfichie.

"Ndiyo, mama," Fidélie akasema pole pole. "Homa. Tangu jana."

Na huku anasema, mkono wake ukashika pindo la kikwembe, akalivuta chini mpaka likafunika miguu yote. Miaka thelathini na moja Godefroid hakuwahi kumwona mkewe akificha miguu yake. Alitamani nyungu ile immwagikie.

Mama Simone akaweka mkono kwenye paji la uso la Fidélie, akauacha hapo kidogo. "Pole, mama," akasema tu. Akarudi na beseni lake, maji hayajaguswa.

Mkate ulipoletwa jikoni kwa ajili ya mgonjwa, Fidélie akatikisa kichwa. "Mi bado," akasema. Hakueleza.

Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, Tania akiwa amekwenda nao kwa gari, walikaa wawili mbele ya ugali wa bukari uliopoa.

"Mama Tania, kula basi."

"Nimeshiba."

"Ulinisaidia leo. Aksanti."

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Fidélie akaweka mikono mapajani.

"Nilikusaidia? Tata Tania, mi sikukosaka Meza hata mara moya. Nilikula Meza na mimba. Nilikula Meza ile siku ya dimanshi tulizika mutoto wetu wa pili, unakumbuka? Leo nimekosa. Mi nilidanganya mama ya batu mu macho, juu ya kukufunika we. Na we ulinifunika mi juu ya nini? Juu nilikuwa na kidonda? Nilikuwa mwizi?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Uliona haya ya mi."

Godefroid akafungua mdomo. Angesema hapana, ungekuwa uongo wa pili. Akaufunga.

"Kesho asubui naenda ku Dilala kwa Tania," Fidélie akasema. "Nitaita moto, ile pikipiki ya Blanchard. Usiniulize nitarudi siku gani, sijue."

"Na mbegu? Mvua inaanguka sasa..."

Akamtazama tena kwa yale macho. "Unaona? Hata sasa unafikiri miguu yangu."

Alfajiri Godefroid alikimbilia shambani, maana hakuweza kuvumilia kumwona anafunga begi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi-mwekundu unanukia, siku nzuri ya kupanda kuliko zote za mwaka. Akachukua jembe. Anapiga, anainua, anasonga. Kichwani mwake hakukuwa na mahindi. Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi na tisa.

Msichana huyo alikuwa akitembea kilomita saba kuja kanisani, viatu vyake mkononi. Viatu pekee alivyokuwa navyo, vyeupe, hataki vumbi liviguse. Akifika mlangoni anajipangusa miguu kwa jani, anavaa, anaingia kama binti wa tajiri. Godefroid kijana alikuwa akiwahi kanisani makusudi ili asimame kando aone mlolongo huo: vumbi, jani, kiatu. Mama yake mzazi alipinga. "Ule mutoto hata viatu ya kutembelea hana, utaoa umasikini!" Na yeye alimjibu mama yake nini? Alijibu, "Mama, mi napenda vile anatembea." Alisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Aliposikia pikipiki barabarani akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kulima akageuka nyuma. Mistari minne mizima. Mashimo yamepangwa safi, mamia, yote wazi, hamna mbegu hata moja. Alikuwa amechimba asubuhi nzima kama mtu anayefuatwa.

Njia ya kutokea barabarani ilikatiza shambani. Fidélie alikuja nayo, begi kichwani, amevaa viatu vya kazini alivyoviacha Tania, vyeusi, vya kufunika. Vilikuwa vidogo. Alikuwa anachechemea. Kwenye kichuguu kikubwa kando ya barabara, dereva wa moto, Blanchard, alishuka akaja kumpokea begi, akalifunga nyuma ya kiti.

Fidélie akasimama mwisho wa mistari. Akatazama mashimo.

"Umechimba bila mbegu," akasema.

"Nilisahau kama hauko."

Alisema bila kupamba, na Fidélie akatazama pembeni. Godefroid akaona mlango umefunguka kidogo, akajitosa.

"Mama Tania, nimekosa. Mi ni mutu mubaya. Dimanshi inayokuja nitasimama mbele ya kanisa lote, nitavua taulo ya ushemasi, nitasema yote."

"Hapana."

"Hapana nini tena?"

"Nakujua, Tata Tania. Utasimama pale, utalia. Bamama batalia. Batasema, angalia shemasi wetu, vile anajinyenyekeza! Batakupigia na makofi. Sitaki upate sifa juu ya miguu yangu."

Godefroid akaangusha jembe. Blanchard kule barabarani alijifanya anapangusa taa ya moto, masikio yote huku.

"Sasa nifanye nini? Uniambie, nitafanya."

"Ulidanganya nani?"

"Mama Simone."

"Basi."

Alielewa. "Lakini ndoa ya Tania? Nikimuambia yule mama kama niliona haya ya bibi yangu mbele yake, atasema ni familia gani hii? Atamukataza Dimitri!"

"Njo vile," Fidélie akasema. "Ile woga njo ilikufanya useme jana. Kama ingali inakushika, mi naenda." Akainua mguu kwa kuchechemea, akapiga hatua kuelekea barabarani. Ya pili. Ya tatu.

Godefroid akatoa simu mfukoni. Mikono yenye udongo, namba anazikosea. Na simu yenyewe ilikuwa mbovu, ilikuwa haisemi sikioni, inasema kwa sauti ya juu tu, shamba zima lisikie. Ikaita. Fidélie akasimama, mgongo umemgeukia.

"Alo? Tata Shemasi? Mama anaendelea aje?"

"Mama Simone." Akavuta pumzi. "Bibi yangu hakugonjwa. Hakukuwa na homa. Mi nilimuambia abaki ku jikoni. Miguu yake imepasuka juu ya kulima, kulima kwangu mi, na nilisikia haya mbele yako. Yeye alitaka kuja. Alijisugua ile jumamosi. Mi njo nilimukataza, na mi njo nilidanganya. Yeye alinifunika tu."

Malori ya shaba yalikuwa yanapita mbali kwenye lami. Blanchard aliacha kupangusa.

"Nilijua," sauti ikasema mwishowe. "Mugonjwa gani wa homa anapepea moto? Nilimugusa, alikuwa baridi kama maji ya asubui. Nilirudi na beseni yangu nikafikiri, kumbe ni mi batu hawa banakataa."

"We? Mama, hapana! Nani atakukataa we?"

"Tata Shemasi, we unajua mi nilikuwa nani? Miaka kumi na mbili niliuza samaki ku Fungurume, mu soko, miguu mu matope. Miguu yangu haikuponaka. Mbele ya kuja kwenu, siku tatu nilienda kwa mama moya hapa Dilala anakwanguaka banawake miguu. Alikwangua mpaka damu ikatoka. Nilikuwa naogopa bibi ya shemasi. Nilisema, atashika hii miguu, ataniona mi ni mutu wa chini." Akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nilikuja na haya yangu nikitaka niiweke mu maji ya beseni na ya bibi yako. We ukatunyima, sisi bawili."

Godefroid aliketi chini, pale pale kwenye udongo, kati ya mashimo yake. Aibu aliyokuwa nayo tangu Jumamosi ilikuwa aibu ya kukamatwa, nadhani mnaijua. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilikuwa ya kuona alichowanyima wawili wale.

"Unisamehe, mama," akasema. "Na mambo ya batoto..."

"Ya batoto ni ya batoto, bo banapendana, sitaingia pale. Yako na mi, bado. Utakuja kwangu tuongee." Kisha akasema, "Mama Fidélie eko karibu?"

Fidélie alikuwa ameshageuka. Alirudi akichechemea mpaka pale mumewe alipoketi, akainama juu ya simu.

"Niko, Mama Simone. Na mi nilidanganya. Nilisema ndiyo na haikukuwa ndiyo. Unihurumie."

"Nimekwisha kukusamehe, mama. Kuya jumamosi. Uje na miguu yako vile iko, usisugue kintu. Beseni iko hapa."

Simu ikakatika. Upande wa Mutoshi mawingu yalikuwa yanajenga tena, na mashimo ya mistari minne yalikuwa yanangojea mvua iyazibe bure.

"Mama," Blanchard akaita kwa adabu, "tunaenda, ao hatuendi?"

Fidélie akamtazama Godefroid aliyeketi udongoni. Akatazama mawingu. Akatembea mpaka kwenye moto, akafungua kamba mwenyewe, akashusha begi, akaliegemeza kwenye kichuguu. "Unifwate jumamosi, asubui," akamwambia. "Leo unihurumie."

Moto ukaondoka. Godefroid akataka kusema kitu, pengine asante, pengine jina lake tu, ila Fidélie akainua kidole.

"Usiseme. Bado sijakusamehe. Ni mbegu njo sitaki zioze."

Akaketi kwenye kichuguu akavua viatu vya Tania, kimoja, kingine. Vidole vilikuwa vimebanwa mpaka vimekuwa vyeupe. Akavikunjua udongoni akapumua. Godefroid hakuondoa macho. Alitazama kila ufa wa visigino vile, na akaujua kila mmoja ulikotoka, huu wa mwaka wa ukame, huu wa mwaka ambao yeye mwenyewe alilala kitandani kwa ugonjwa wa nyonga miezi minne na shamba likalimwa hivyo hivyo. Akatamani kuvishika. Hakuthubutu.

"Unaangalia nini?"

"We."

Kitu kikapita usoni mwa Fidélie, hakikukaa. Akamwendea, akaokota jembe lililolala kando yake.

"Leo mi natangulia, mistari ingali mingi. We fuata. Anza na hii mistari uliacha wazi. Tatu tatu, na ufunike na kisigino."

Godefroid akachota mbegu kwenye mfuko uliokuwa umekaa kando ya shamba tangu alfajiri, akazifunga kwenye shati. Akapiga hatua ya kwanza.

"Na hizo boti za mpira?" Fidélie akauliza. "Na boti hautasikia kama udongo umeshikana. Vua."

Akaketi akavuta boti zake za mpira. Miguu yake ikatoka, na wote wawili wakaitazama. Ilikuwa laini. Miguu ya mkulima wa miaka hamsini na nane, myororo kama ya karani, kisigino kizima, hakina hata ufa. Katika miaka thelathini na moja nyumba ile ilikuwa imenunua boti mara nyingi, boti ikichakaa inanunuliwa nyingine. Kila mara pea moja. Kila mara namba arobaini na mbili, namba yake.

Hakuna aliyemwambia. Aliketi hapo akiwa na boti moja mkononi, akaona mwenyewe.

"Fidélie," akasema. Jina, si Mama Tania. Miaka mingi hakulitaja.

Mkewe alikuwa ameshaanza mstari mpya, anapiga, anainua, anasonga, mgongo umemgeukia. Godefroid akamfuata nyuma. Tatu, funika, kanyaga. Tatu, funika. Kwenye shimo la sita kisiki cha bua la mwaka jana kikamwingia unyayoni, akauma meno, lakini pumzi ilimtoka kwa sauti.

Fidélie alisikia. Hakugeuka, jembe halikusimama.

"Inauma?"

"Hapana," Godefroid akasema.

"Mi pia njo vile nilikuwaka najibu."